Nyumba ya kwanza ya kupangisha: ununue upande gani wa Arusha, au ushuke Moshi?

Mpangaji wangu wa kwanza alikaa miezi minne. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, jipsamu dari nzima, geti la kuteleza, na fensi niliyoimalizia kwa pesa ya mwisho niliyokuwa nayo. Siku anarudisha funguo nikamuuliza kilichomkwaza. Akanijibu kwa upole tu: "Baba mwenye nyumba, nyumba yako nzuri, lakini watoto hawaogeshwi kwa geti."

Bomba la mtaa ule lilitoa maji siku mbili kwa wiki, tena usiku. Mimi niliyenunua nilikuwa nimekwenda kuiona nyumba mara mbili, zote Jumamosi saa nne asubuhi, zote nikiwa ndani ya gari la dalali. Baada ya yule bwana kuhama, nyumba ilikaa tupu miezi mitano.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye pale nilipokuwa mimi: amejibana miaka kadhaa, au yeye na mwenzake wameunganisha akiba, na sasa wanatafuta nyumba moja ya kupangisha katika mji ambao bei ya viwanja inakimbia kuliko mshahara. Arusha ni ghali. Moshi nayo usiidharau: manispaa yake ni kilomita za mraba 59 tu, na ukipanda mlimani unakuta vihamba, mashamba ya ukoo ya Wachagga, ambavyo wenyewe hawaviuzi hovyo. Wengi huanza na swali la mtaa gani. Mimi ningekuomba swali hilo ulisogeze nyuma kidogo.

Hatua ya kwanza: mtaje mpangaji kabla hujautaja mtaa

Chukua karatasi uandike nani atalala ndani ya nyumba hiyo na pesa yake inatoka wapi. Usiandike "familia ya kipato cha kati". Andika mtu. Nesi wa Hospitali ya Mount Meru mwenye mtoto mmoja. Dereva wa watalii anayetaka mahali salama pa kuegesha Land Cruiser ya kampuni usiku. Mwanafunzi wa mwaka wa pili Chuo cha Uhasibu pale Njiro. Mama anayeuza mboga Soko la Kilombero na kutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Kila mmoja ana mitaa yake, na kila mmoja ana kiwango cha kodi ambacho hata ukipaka rangi mara tatu hatakivuka.

Ukishamwandika, mitaa huanza kujichuja. Nesi anataka daladala moja hadi kazini, ikiwezekana atembee. Huyo utampata Sanawari, Sekei, Kijenge au Kimandolu. Mama wa Kilombero na fundi wa gereji wanatafuta chumba na sebule au chumba self (chenye choo chake ndani) Sombetini, Ngarenaro, Kwa Mrombo au Muriet. Ukienda upande wa mashariki, Tengeru na Usa River, kuna wanafunzi na watumishi wa Taasisi ya Nelson Mandela, Chuo cha Maendeleo ya Jamii Tengeru na Chuo Kikuu cha Makumira, pamoja na wafanyakazi wa mashamba ya maua. Moshi, mtaa wa Longuo unaishi kwa hospitali ya KCMC: madaktari walio masomoni, wanafunzi wa udaktari na uuguzi, na wauguzi wenyewe. Hospitali ile ilifunguliwa mwaka 1971, na foleni ya wanaotafuta vyumba kuizunguka haijawahi kuisha.

Na mpangaji wa Njiro, yule wa nyumba nzima yenye bustani? Yupo. Ni mtumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, au wa shirika fulani. Analipa vizuri, mara nyingi mwaka mzima kwa mkupuo. Lakini ni wachache na nyumba zinazowasubiri ni nyingi, kwa hiyo mwenye kuchagua ni yeye.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu Arusha imewahi kupewa somo hili bure. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilianza kazi mjini hapa mwaka 1995. Kwa miaka ishirini watumishi wake walipanga nyumba kubwa, nyingine kwa dola, na watu wakajenga wakiwalenga wao. Desemba 2015 ikafunga milango. Chombo kilichorithi kazi zake, chenye majengo Lakilaki njia ya Kisongo, kilikuwa na watumishi wachache zaidi. Watu waliondoka na mizigo yao. Nyumba zilizojengwa kwa ajili yao zilibaki palepale. Mwaka 2020 tukafundishwa tena: watalii walioingia nchini walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka uliotangulia hadi kama 620,000, na Arusha, mji ambao kila nyumba ina ndugu anayekula kupitia mbuga, ilihisi hadi kwenye kodi za vyumba.

Kwa hiyo kwenye karatasi yako, chini ya jina la mpangaji, ongeza mstari mmoja: mwajiri wake akifunga, nani mwingine ataitaka nyumba hii? Ukikosa jibu la pili, badilisha mtaa au badilisha aina ya nyumba.

Hatua ya pili: piga hesabu ukiwa peke yako, bila chai ya dalali

Namba ninazotumia hapa ni za mfano. Weka za kwako, zile ulizosikia kutoka kwa wapangaji wenyewe, si kwa anayeuza.

Tuseme nyumba ya Njiro, vyumba vitatu, inauzwa milioni 180, na kodi ni laki saba kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 8.4. Toa mwezi mmoja wa kukaa tupu, zinabaki 7.7. Toa kodi ya serikali: mpangaji akiwa kampuni au taasisi atakukata asilimia 10 ya zuio kabla hajakulipa, na hata asipokata, kipato cha pango ni kipato kinachotozwa. Toa milioni 1.2 za rangi, mabomba, paa na fundi umeme. Toa kodi ya ardhi na ya jengo. Unabaki na kama milioni 5.6. Ukigawa 180 kwa hizo, nyumba inarudisha pesa yako baada ya miaka 32.

Sasa tuseme Muriet: kiwanja chenye vyumba self sita, milioni 75, kila chumba elfu themanini. Kwa mwaka ni milioni 5.76. Toa mwezi mmoja kwa kila chumba, toa kodi za serikali, toa matengenezo ya laki saba maana vyoo sita si choo kimoja. Unabaki na karibu milioni 3.95. Miaka 19.

Na Longuo: vyumba vinane vya wanafunzi, milioni 90, elfu sabini kila kimoja, lakini hesabu miezi kumi tu kwa mwaka kwa sababu ya likizo. Ukitoa yote hayo unabaki na milioni 4.3 hivi. Miaka 21.

Umeona kilichotokea. Bei ya Njiro ni zaidi ya mara mbili ya ile ya Muriet, ila kilichoingia mfukoni hakikuzidi hata kwa nusu. Ndivyo mitaa ghali ilivyo popote: bei ya kununua hupanda na heshima ya mtaa, kodi hupanda na mshahara wa mpangaji, na mishahara haina mbio hizo.

Halafu kuna mkopo. Riba za mikopo ya nyumba nchini zimekuwa zikicheza kati ya asilimia 13 na 19. Ukikopa milioni 80 kwa asilimia 16 kwa miaka 15, rejesho ni kama 1,175,000 kila mwezi. Rudi juu uangalie nyumba ya Njiro inaingiza shilingi ngapi. Anayekuambia "nyumba itajilipa yenyewe" muombe akuandikie hesabu hiyo kwa mkono wake. Mkopo mdogo wa kumalizia, wa miaka miwili mitatu, unaobebwa na mshahara wako na si na kodi ya mpangaji, huo naweza kuuelewa.

Na kwa kuwa tunasema ukweli: hatifungani za serikali za muda mrefu zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, bila choo kuziba. Kwa nini basi tununue nyumba? Kwa sababu ardhi yenyewe hupanda bei, na kodi ya pango huweza kupandishwa maisha yakipanda. Sawa. Lakini jisemee wazi ni kipi unachonunua. Mtaa ghali ni dau juu ya ardhi. Kila mwezi utapata kidogo ukisubiri kupata kikubwa siku ya kuuza. Mtaa wa vyumba ni kipato cha kila mwezi chenye kelele zake. Kwa nyumba ya kwanza mimi nachagua kipato, kwa sababu mnunuzi wa mara ya kwanza hana mto wa kuangukia. Anayeweza kukaa miezi mitano bila kodi asitetereke ni mtu mwenye nyumba ya tatu.

Hatua ya tatu: Arusha au Moshi?

Sensa ya 2022 iliikuta Jiji la Arusha lina watu 617,631, Manispaa ya Moshi 221,733. Arusha ina aina nyingi zaidi za wapangaji, na inatanuka kuelekea kusini na magharibi mwaka hadi mwaka. Moshi ina wapangaji wa uhakika wa aina chache: hospitali, Chuo Kikuu cha Ushirika, Chuo Kikuu cha Mwenge, shule ya polisi, wafanyabiashara. Kelele za Moshi ni ndogo, na sifa yake ya maji ni kubwa kuliko ya Arusha.

Ila jibu langu halitoki kwenye sensa. Linatoka kwenye nauli. Kati ya miji hii miwili ni kilomita 80 hivi. Kama unaishi Arusha na nyumba iko Longuo, kila bomba likipasuka utapoteza siku nzima, au utamtegemea mtu. Ukiwa na mdogo wako au shemeji anayeishi Moshi, mwenye mkono mzito wa kushika pesa ya watu na mwepesi wa kupokea simu, nenda. Mlipe. Msiifanye kuwa "ya kindugu", maana ya kindugu ndiyo inayovunja undugu. Kama huna mtu huyo, nyumba ya kwanza iwe mahali unapoweza kwenda baada ya kazi na kurudi kula chakula cha usiku nyumbani.

Kuna kosa la Wachagga wenzangu ambalo nalitaja kwa mapenzi. Mtu anaishi Arusha au Dar, anaona afadhali pesa ya kupangisha aipeleke nyumbani, karibu na kihamba, kule juu Kibosho au Uru. Anajenga nyumba ya ghorofa moja, nzuri kweli. Desemba inajaa ndugu. Januari anabaki mlinzi. Kule juu kila mtu ana kwao, nani apange? Jenga kwa ajili ya Krismasi, ni haki yako, ila usiiandike kwenye daftari la biashara.

Na Olmoti? Tangu ijulikane kwamba Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa AFCON ya 2027, na uwanja wa watu 30,000 ukaanza kujengwa Olmoti, kila kiwanja cha upande huo kiko "dakika tano kutoka uwanjani". Mashindano ni ya wiki chache. Kilicho cha kudumu ni lami, umeme na maji vinavyosogezwa kwa ajili ya uwanja, na hivyo vina thamani kweli. Lipa bei ya lami. Bei ya AFCON muachie mwingine.

Hatua ya nne: nenda mtaani bila mtu

Hatua hii ndiyo niliyoiruka, ndiyo maana nitaiandika kwa urefu.

Nenda mara tatu: siku ya kazi alfajiri, usiku wa saa mbili, na siku ya mvua. Alfajiri panda daladala pamoja na wapangaji wako watarajiwa, uone wanasubiri muda gani na wanabadilisha magari mangapi. Usiku angalia taa, sikiliza baa, uone kama bodaboda anakubali kuingia hadi mlangoni au anakuacha barabarani. Siku ya mvua, hasa masika ya Machi hadi Mei, angalia maji yanapita wapi.

Maji ya kunywa kwanza. Usimuulize mwenye nyumba, muulize mama muuza genge: "Mama, bomba huku linatoka siku gani?" Atakujibu hadi saa. Kama kuna madumu yamepangwa nje ya nyumba nyingi, umeshajibiwa. Mradi mkubwa wa maji wa Arusha, ule wa shilingi bilioni 520, umebadilisha mitaa mingi, lakini mtaa na mtaa hawalingani, na mwinuko ukizidi kidogo presha inakata. Kuna na suala la floridi. Maji mengi yanayotoka ardhini kuzunguka Mlima Meru yana madini haya kwa asili, na upande wa Ngurdoto na Maji ya Chai yamezidi sana kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani linakishauri. Ndiyo yale meno ya kahawia tunayotaniana nayo, na yakizidi ni mifupa kupinda. Kituo cha Ngurdoto kimefundisha watu kuchuja kwa mkaa wa mifupa kwa miaka mingi. Kwa mnunuzi maana yake ni hii: nyumba ikisifiwa kuwa "ina kisima chake", usishangilie kabla maji hayajapimwa maabara. Mpangaji mwenye watoto wadogo, hasa mgeni aliyehamishiwa kikazi, atauliza.

Mimi niliishia kuweka simtanki la lita 5,000 na pampu. Mpangaji aliyepo ana mwaka wa nne sasa. Geti hajawahi kulitaja.

Kisha maji ya mvua. Arusha imekaa chini ya mlima, na makorongo yake hukaa makavu miezi mingi hadi watu wakayazoea kama njia. Aprili 2024 maji ya korongo upande wa Muriet yalisomba gari la shule likiwa na watoto ndani. Sitaki kulitaja jambo hilo kwa wepesi, ila anayenunua nyumba kusini mwa jiji bila kuuliza korongo liko wapi amefunga macho makusudi. Tazama kuta za jirani: alama ya tope huwa haifutiki vizuri. Uliza watoto, hawajui kuficha. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto. Nyumba iliyo ndani ya mita hizo ina sababu ya kuuzwa bei rahisi.

Upande wa barabara, Sheria ya Barabara ya 2007 iliweka hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati. Fremu nzuri za mbele barabarani zinavutia, lakini chukua futi kamba. Ukiona rangi mpya, gusa ukuta uone kama haijafunika X ya bomoabomoa. Na reli nayo ina hifadhi yake. Treni ya abiria ilirudi Arusha mwaka 2020 baada ya kunyamaza zaidi ya miaka 30, na muda huo watu walikuwa wameshaisahau.

Moshi, mambo haya ni mepesi kidogo isipokuwa ukishuka kusini, Pasua kuelekea Mabogini, ambako ardhi ni tambarare, maji husimama na joto ni jingine kabisa. Bei huko ni nafuu na wapangaji wapo. Inua tu msingi, na uulize mpaka: Mabogini ni Moshi Vijijini, si manispaa.

Kabla hujaondoka mtaani fanya jambo moja la aibu kidogo. Jifanye unatafuta chumba. Piga namba tatu za "chumba kinapangishwa" zilizobandikwa kwenye nguzo, uliza kodi, uliza wanataka miezi mingapi mbele, uliza kimekaa wazi tangu lini. Utajua kodi halisi ya mtaa kwa gharama ya vocha ya buku.

Hatua ya tano: karatasi

Ardhi yote nchini ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Wewe unanunua haki ya kuitumia na maendelezo yaliyo juu yake. Sheria mbili za 1999 ndizo zinazotawala: Sheria ya Ardhi namba 4 kwa mijini, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5. Kujua uko chini ya ipi ni nusu ya kazi, kwa sababu Arusha ukivuka mpaka wa jiji kidogo tu kuelekea Kisongo, Ngaramtoni au Usa River unaweza kuwa kijijini bila kujijua.

Kwenye kiwanja kilichopimwa, omba hatimiliki. Hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Angalia imebaki mingapi, hasa nyumba za zamani za katikati ya mji. Chukua namba ya hati na ya kiwanja, nenda mwenyewe ofisi ya ardhi ya mkoa ufanye upekuzi rasmi: jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali, si mkononi. Nakala anayokuonyesha muuzaji, hata iwe na mihuri mitano, haichukui nafasi ya upekuzi. Halafu mlipe mpima ardhi akuonyeshe bikoni (alama za mipaka) zote nne. Pita pia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya uulizie kama kuna kesi yenye jina hilo.

Kwenye ardhi ya kijiji, uhamisho unapita kwa halmashauri ya kijiji, wakae kikao na muhtasari uandikwe. Mwenyekiti peke yake na muhuri wake mfukoni hatoshi. Watu wengi wamepoteza ardhi mahakamani kwa mkataba uliosainiwa kwa mwenyekiti chini ya mti.

Muuzaji akiwa na ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda mwenzake kwenye nyumba ya familia: pata ridhaa ya maandishi, na mwenzake awepo, umuone kwa macho. Nimewahi kuletewa "mke" ambaye hakujua jina la mtoto wa kwanza wa mumewe. Niliaga nikaondoka.

Mirathi ndiyo mtego mkubwa wa kaskazini. Mzee amefariki, watoto sita, mmoja anauza. Kwa mila ya Kichagga kitinda mimba wa kiume hubaki na nyumba ya wazazi, na wengine hudhani mila hiyo inatosha kuuza. Haitoshi. Anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na warithi wote wasaini, akiwemo yule dada aliyeolewa Singida ambaye kila mtu anasema "huyo hana neno". Huyo ndiye hurudi na neno. Upande wa Arusha, maeneo kama Moshono, Ilboru na Olasiti yana ardhi nyingi za koo za Wameru na Waarusha. Omba kukutana na wazee wa ukoo na majirani wanaopakana, hata kama muuzaji anakuambia hakuna haja. Asipotaka ukutane nao, umepata jibu bila kulipia wakili.

Hatua ya sita: bei, malipo, na wapangaji utakaowakuta

Juu ya bei, tenga akiba ya gharama za uhamisho. Ushuru wa stempu ni asilimia 1. Kuna uthamini, ada ya usajili na wakili. Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, ni ya muuzaji, lakini wauzaji wengi humsukumia mnunuzi dakika ya mwisho, "bosi, tumalizane tu". Iandike kwenye mkataba nani analipa nini. Usikubali kuandika bei ya chini kwenye mkataba ili kodi ipungue: siku utakapouza wewe, faida yako itahesabiwa kutoka kwenye bei hiyo ya uongo. Serikali ya mtaa ikikuomba asilimia ya mauzo, omba risiti. Ombi la risiti hupunguza mambo mengi.

Lipa benki kwa benki, kwa awamu, awamu kubwa ikisubiri kibali cha kuhamisha miliki. Fedha taslimu kwenye mfuko wa rambo zina hadithi nyingi mno Arusha hii.

Mwisho, kama nyumba ina wapangaji tayari, waone kabla hujasaini. Uliza kila mmoja amelipa hadi mwezi gani, uone na risiti. Muuzaji anayejua anauza hupokea kodi ya miezi sita au mwaka mzima wiki chache kabla, na wewe unanunua nyumba yenye watu ambao hawana deni lolote nawe hadi Juni. Piga jumla ya kodi hiyo, uikate kwenye bei. Angalia pia LUKU: tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia umeme, kwa hiyo vyumba sita vinapotumia mita moja, anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi ndiye anayekatwa, na ugomvi wa kwanza utakaoletewa kama baba au mama mwenye nyumba utakuwa huo. Mrudishie pesa yake. Mlipaji kwa sheria ni wewe. Kisha weka mita ndogo kwa kila chumba kabla ya kupandisha kodi hata kwa shilingi elfu tano.